Baba, Nimemwondoa Mdogo Wako kwenye Nyumba ya Panda

Baba,

Nimefanya kile ulichonikataza. Alhamisi moja mwezi uliopita, mbele ya hakimu, mdogo wako Donati aliondolewa kwenye usimamizi wa mirathi yako, na jina langu likaandikwa mahali palipokuwa jina lake. Nimetaka uisikie kwangu kwanza. Muzee Kalala ametangaza nje ya kanisa kwamba atanishtaki kwako mwenyewe katika sala zake, na unajua yule mzee anavyosali kwa sauti.

Usidhani nimeshika kalamu ili nikuombe radhi. Hapa Likasi kila mtu siku hizi ananishauri nikuombe radhi, wengine hata wamenipangia siku na wimbo wa kuimba. Mimi nataka kukueleza tu jambo lilivyokwenda, tangu mwanzo, kama ulivyokuwa unanidai nilipokuwa mtoto na nimevunja kitu. "Sema yote, usichague." Haya. Nasema yote.

Naandika kwa Kiswahili changu cha darasani, kile nilichokuwa nakuandikia nikiwa chuo cha ualimu. Ulikuwa unazisoma barua zangu kwa sauti pale barazani, majirani wakisikiliza, halafu nikirudi likizo unanicheka: "Weye, Swahili yako iko sawa ya mupadri!" Cheka tena basi. Nimefundisha watoto kusoma miaka kumi na tano, siwezi tena kuandika vingine.

Naanzia hospitali, maana huko ndiko tulikoachana vibaya, ingawa wewe hukujua.

Ulikuwa umelala upande wa dirisha, mkono wako wenye kidole kilichokatwa na mashine ukiwa juu ya shuka. Karatasi ulikuwa umekwisha kuiandika mbele ya mthibitishaji, na ukanipa niisome kwa mara ya kwanza siku ile. Nyumba ya mtaa wa Panda isiuzwe. Mama akae humo mpaka siku yake. Vile vyumba vitatu vya nyuma, vya kupangisha, vimtunze Mama na vimsomeshe Ntumba, mtoto wako wa mwisho, mpaka amalize. Mpaka hapo nilikuwa natikisa kichwa, nikijisemea kwamba huyu ni baba yangu, amefikiria kila kitu. Kisha nikafika mstari wa mwisho. Wa kuyasimamia yote hayo, likidatere kama tunavyosema hapa, ni Donati, mdogo wako.

Mimi ndiye mtoto wako wa kwanza, Baba. Nilikuwa nimekaa pale wiki tatu nikikulisha uji kwa kijiko. Mulumba, mwanao wa kiume, yuko Kolwezi anaendesha lori, na hata yeye sidhani angekataa niwe mimi. Nilikuuliza tu kwa nini. Ukasema, "Nyumba inaomba mwanaume. Donati njo atashika." Halafu ukaona uso wangu, ukaogopa, ukanishika mkono: "Kapinga, usipigane na baba mudogo yako. Ata afanye nini. Niapie."

Nikaapa. Ulikuwa unahema vibaya, na Mama alikuwa mlangoni na sufuria ya chakula. Ningefanya nini? Nilikuapia kwa sababu ulikuwa unakufa, na tangu siku ile nilibeba maneno yale matatu, ata afanye nini, kama mtu aliyefungiwa mlango kwa nje.

Nataka niwe mkweli juu ya Donati, ili usiseme nimempaka matope. Najua kwa nini ulimchagua. Nilikuwa mdogo sana miaka ile sisi watu wenye asili ya Kasai tulipofukuzwa Katanga, tukalala kwenye stesheni ya treni tukingoja mabehewa, lakini nakumbuka miguu ya watu, na nakumbuka harufu ya moshi wa kuni pale kwenye reli. Nakumbuka Donati akitoka mjini kila asubuhi na ndoo ya maji kichwani, akipita katikati ya watu waliotutukana, akinibeba mabegani ili nione mbali. Wengi wa kwetu walipanda, wakaenda. Sisi zamu yetu haikufika, mambo yakapoa, tukarudi Panda. Tulipofungua mlango tulikuta vitu vyetu vyote mahali pake, maana Donati alikuwa akilala humo peke yake, bila taa, muda wote huo. Mtu aliyekulindia nyumba namna hiyo, ungemwachia nani mwingine? Mimi naelewa. Nakuambia naelewa.

Na mwaka wa kwanza baada ya kilio chako aliifanya kazi vizuri. Alirekebisha bati lililokuwa linavuja juu ya chumba chenu. Kila mwisho wa mwezi alimletea Mama unga na mafuta, anakaa naye, wanakula bukari ya unga ule pamoja na kukukumbuka. Ntumba alikuwa anasoma bila kurudishwa nyumbani hata siku moja. Nilianza kuona aibu kwa uso ule niliokuonyesha hospitalini.

Mwaka wa pili ndipo wapangaji wetu walipoanza kuondoka. Yule muuguzi aliondoka kwanza, kisha yule fundi cherehani na mke wake. Nilikutana na mke wa fundi sokoni, nikamuuliza tumewakosea nini. Alinitazama kwa mshangao. Akasema, "Ni baba yenu mudogo njo alitufukuza. Anasema banaleta depo."

Sikujua depo gani mpaka Jumapili nilipokuja kumtembelea Mama. Baba, lori lilikuwa limesimama uani. Mifuko ya mawe ya shaba na kobalti kutoka Kamatanda na Kambove ilikuwa imepangwa kuanzia kwenye uzio mpaka dirisha la jikoni. Vijana walikuwa wanayaosha mawe kwenye mapipa, maji yanatiririka mpaka kisimani. Ule mparachichi wako walikuwa wameukata ili lori lipate pa kugeukia. Vumbi lilikuwa kila mahali, jeusi, mahali pengine la kijani, kwenye nguo za Mama zilizoanikwa, kwenye sufuria, kwenye kope za vijana wale.

Na vyumba vya nyumba kubwa vilikuwa na mifuko pia. Chumba chenu, Baba. Mama alikuwa amehamishiwa kwenye kile chumba kidogo karibu na jiko, tulipokuwa tunaweka makaa. Nilimuuliza, akajibu bila kuniangalia, "Donati anasema ni kwa muda kidogo." Alikuwa anakohoa.

Sasa nisikilize hapa, maana hapa ndipo ninapokasirika nawe kuliko mahali pengine pote. Nilinyamaza. Miezi minane, Baba. Nilikuwa nakuja kila Jumapili, nafagia lile vumbi, namkandia Mama mgongo, napita mbele ya mdogo wako namsalimia kwa heshima, narudi kwangu. Mume wangu aliniuliza mara moja tu kwa nini sisemi kitu. Nikamjibu kwamba nimeapa. Niliona anavyonitazama. Ntumba aliporudishwa nyumbani kwa kukosa ada tulimlipia mimi na mume wangu, nikamwambia asimwambie mtu. Nilimfundisha mtoto kunyamaza kama mimi. Hilo sijisamehi, na wewe pia una mkono wako humo.

Kilichonitoa kwenye kiapo ni utepe wa kupimia.

Ntumba alinipigia simu wakati wa mapumziko, nikiwa uani mwa shule na watoto. Kulikuwa na wanaume wawili nyumbani, wanapima parseli, kiwanja chote, kutoka barabarani mpaka ukuta wa nyuma. Mama alikuwa amewapa viti na maji ya kunywa, akidhani ni watu wa umeme. Ntumba aliuliza wanapima kwa ajili ya nani. Mmoja wao, bila ubaya wowote, akamwambia, "Ni ya mwenyewe mupya. Tajiri ya depo."

Nilimwomba mwalimu mwenzangu anishikie darasa. Sikumbuki nilipandaje pikipiki. Nilimkuta Donati nje ya nyumba yake mwenyewe, amekaa na wanaume wengine wakinywa munkoyo. Nilimsalimia, nikamwomba tuzungumze pembeni, akakataa kusimama. Basi nikamuuliza mbele yao kama ameiuza nyumba ya Panda.

"Eh, Kapinga," akasema, akacheka kidogo akiwatazama wenzake. "Weye njo utanifundisha kazi? Kaka yangu aliniachia minye. Haikuwa weye."

Sentensi ile ilikuwa ya kweli, Baba. Ndiyo maana iliniuma hivyo. Wenzake wakacheka pia. Nikasema, "Karatasi ya Baba inasema isiuzwe." Akasema, "Baba yako alikufa. Mu hii dunia tuko siye." Halafu akainua kikombe chake, akanipa kisogo.

Nilitembea kwa miguu kutoka pale mpaka makaburini. Ilikuwa mchana, jua kali, na majani yalikuwa yamefunika jina lako mpaka nikayang'oa kwa mikono. Nilisimama nikakusema. Kulikuwa na familia nyingine upande wa pili, wanapanda maua, wakaniangalia. Sikujali. Nilikuambia kwamba kiapo kile hukukiomba kwa haki, kwamba mtu akitaka kufa vizuri asimfunge mtoto wake mdomo. Nilikuambia mengine ambayo sitayaandika. Kisha nikakuambia kwamba kuanzia siku hiyo sijaapa. Ukitaka kunijibu, ulikuwa na nafasi. Kulikuwa na ndege tu, na yule mama wa maua akanikopesha maji ya kunawa mikono.

Kesho yake nilianza.

Nilimtafuta mwanamke mmoja wakili anayesaidia wajane mjini. Alisoma karatasi yako mara mbili, akaniambia kwamba msimamizi si mwenye mali, na kwamba anayeenda kinyume na maandishi ya marehemu hakimu anaweza kumwondoa. Lakini alitaka kwanza kikao cha familia, na karatasi ya kikao yenye sahihi. Nilicheka. Nikamwambia, mama wakili, wewe hujui familia yangu.

Mulumba nilimpigia Kolwezi. Alisikiliza yote, akapumua, akasema, "Yaya, dada yangu, tuache tu. Minye siko na nguvu ya kelele ya familia." Nilimwambia Mama analala kwenye chumba cha makaa. Akasema atanipigia. Hakunipigia.

Kikao kilikuwa Jumamosi, nyumbani kwa Muzee Kalala, kwa kuwa yeye ndiye mkubwa wa watu wetu waliobaki Likasi. Walikuwa wanaume saba, mimi, Ntumba na Mama. Mama alikaa kwenye kiti cha mwisho na kitambaa kichwani, mikono magotini. Kalala alianza kwa sala, kisha akanigeukia mimi kabla sijafungua kinywa: "Mutoto hapelekake muzazi wake ku tribunali. Hatuyaonake hayo." Wakaitika. Donati alikaa amekunja mikono, ameinamisha kichwa kama mtu aliyeonewa. Mmoja akasema nina uchu wa nyumba. Mwingine akasema ni mume wangu anayenituma, maana yeye ni Mubemba, si wa kwetu.

Nilikuwa nimekwisha kushindwa, nakuambia ukweli. Nilikuwa nakunja karatasi zangu.

Ndipo akaingia dada yenu Odia. Alikuwa ametoka Kambove kwa basi, na hakuja moja kwa moja kikaoni. Alikuwa amepita kwanza Panda kuweka mfuko wake wa nguo, kama anavyofanya siku zote akija. Alikuta mlango wa mbele umefungwa kwa kufuli la depo. Akazunguka nyuma, akaona kitanda cha Mama kimebanwa kati ya ukuta wa jiko na mifuko ya makaa. Alisimama mlangoni mwa Kalala na vumbi kwenye viatu, hakusalimia mtu, na wewe unajua Odia anavyoshika salamu. Akamwangalia mdogo wake.

"Donati. Uko unalalisha bibi ya kaka yetu mu jiko?"

Donati akaanza kueleza, ni kwa muda, ni mpango. Odia hakumwacha amalize. Akasema alimwuliza jambo hilohilo wakati wa Pasaka, kwa simu, naye akamwambia kwamba Mama mwenyewe ndiye aliyependa kuhamia chumba kidogo kwa sababu ya baridi ya nyumba kubwa. "Ulinidanganya minye, dada yako. Leteni ile karatasi." Akaweka sahihi yake juu kabisa, mahali nilipokuwa nimeacha kwa ajili ya jina la Kalala. Baada yake Ntumba. Baada yake Mama, kwa kidole gumba. Wanaume wawili wakafuata, bila kunitazama. Na usiku kabla ya karatasi ile kupelekwa mahakamani, Mulumba akatuma sahihi yake kwa simu, picha ya karatasi yenye sahihi, na chini ameandika neno moja tu, "Unisamehe."

Pale kikaoni, Donati alisimama. Akaniambia mbele ya wote kwamba umenitupa, kwamba wewe ulipo sasa umenigeuzia mgongo, na kwamba nisishangae nikianza kuona mambo kwangu, kwa watoto wangu. Zamani ningeogopa. Nilimjibu nikiwa nimesimama pia: "Baba mudogo, kama Baba ana neno na mimi, anajua nyumba yangu iko wapi."

Mahakamani tulienda mara tano. Mara ya kwanza hakimu alikuwa na msiba. Mara ya pili Donati hakuja. Mara ya tatu alikuja bila karatasi, akaomba muda. Kila mara nilikuwa nakimbia kutoka darasani na chaki mikononi, Mama ananisubiri kwenye ngazi amevaa kile kitenge chake cha harusi ya Mulumba. Watu walikuwa wamekwisha kutuzoea. Mwuza vocha za simu pale nje alianza kumpa Mama kiti.

Mara ya nne hakimu alimwuliza Donati aonyeshe alivyoitunza mirathi. Alitoa daftari la shule. Mwaka wa kwanza umeandikwa vizuri, kwa mwandiko wake ule wa kulala. Kisha kurasa zinakuwa na mistari michache, kisha hakuna kitu. Hakimu aliendelea kufunua kurasa tupu, moja baada ya nyingine, polepole, mpaka mwisho. Nilitazama chini. Sikuweza kumtazama mdogo wako wakati ule, Baba. Sikufurahi kama nilivyodhani ningefurahi.

Wakili wake akasema kwamba mjane alikubali yote, kwamba hajawahi kulalamika hata siku moja. Hakimu akamgeukia Mama, akamwuliza kama ni kweli.

Wewe uliishi naye miaka arobaini na moja. Umewahi kumsikia akisema mbele ya watu? Hata kwenye kilio chako hakusema. Nilitaka kusimama nimsemee, wakili wetu akanishika mkono. Mama akasimama mwenyewe, akashika ubao wa mbele.

"Bwana juje," akasema, "minye siko najua kusoma ile makaratasi. Lakini nyumba yangu naijua. Nilizaa batoto batatu mu kile chumba. Sasa mule muko mifuko. Sikusema kwa sababu hakuna mutu aliniuliza."

Akakaa. Mikono yake ilirudi magotini palepale.

Hakimu aliandika kwa muda mrefu. Alhamisi iliyofuata alisoma. Donati ameondolewa. Ule mkataba wake na tajiri wa depo hauna nguvu, kwa kuwa aliyeuza hakuwa na haki ya kuuza. Mifuko itoke. Na msimamizi mpya, kwa maombi ya warithi wote, ni binti wa kwanza wa marehemu. Aliposoma jina langu lote, pamoja na jina lako mwisho wake, Odia alipiga kigelegele mpaka polisi akamwambia atoke nje. Akatoka, akaendelea huko huko.

Nilimkuta Donati kwenye korido, peke yake. Wale waliokuwa wanacheka naye hawakuja. Alikuwa amezeeka, Baba, katika miezi michache. Alitoa funguo mfukoni, akanipa, zote, hata ule wa kabati lako. Akasema kwa sauti ya chini, "Nilifikiri mwaka moya tu. Nilifikiri nitarudisha yote, ata hautajua." Kumbe tajiri yule alikuwa amemshika kwa madeni yake ya pembeni, kidogo kidogo, mpaka hakuwa na njia. Angetuambia! Angemwambia Odia, angeniambia mimi. Lakini yeye naye alifundishwa kwamba nyumba inaomba mwanaume, na mwanaume haombi msaada kwa binti ya kaka yake. Hilo nalo fikiria huko ulipo.

Akaniuliza, "Unakumbuka ku stesheni?"

Nikamwambia nakumbuka. Nikamwambia pia kwamba kama nisingekuwa nakumbuka, ningekuwa nimemshtaki mapema zaidi. Sijui kama alielewa. Nililia nikiwa kwenye pikipiki, njia nzima, dereva akidhani tumeshindwa kesi.

Sasa hali ni hii. Lori la mwisho liliondoka Jumatatu iliyofuata hukumu. Mulumba alikuja kutoka Kolwezi kwa siku mbili, alichimba lile tope la uani na kulitoa lote kwa toroli. Kisima tumekifunika, mtu wa maji anasema tusikiguse mpaka kipimwe. Ntumba yuko mwaka wake wa tano wa sekondari na anadai atakuwa wakili, mimi namwambia kwanza afaulu hesabu. Mama yuko chumbani kwenu. Tulipaka chokaa mara mbili na bado kuna doa la kijani karibu na dirisha. Anasema liache. Kikohozi kimepungua, hakijaisha. Muuguzi wetu wa zamani amerudi kwenye chumba chake cha nyuma, yeye ndiye anayemwangalia.

Donati hanisalimii. Kanisani anakaa upande wa kushoto, sisi kulia. Mke wake alimletea Mama sombe ya majani ya muhogo juzi kupitia mlango wa nyuma, akaomba nisijue, na Mama akaniambia kabla sufuria haijapoa. Tulikula. Ilikuwa nzuri. Namkosa Donati, hilo pia lazima uambiwe. Sijuti hata kidogo na namkosa.

Kalala anataka misa ya kunipatanisha na wewe. Nimekataa. Nimemwambia misa ya kukuombea nitatoa, kama kila mwaka, lakini ya kuomba msamaha kwa kumtoa Mama jikoni, hiyo hapana. Kama kuna wa kuomba msamaha kati yetu wawili, Baba, tusubiri tukutane tujue ni nani.

Na nimefanya jambo moja zaidi ambalo wewe hukulifanya. Nimeandika karatasi, na nakala iko kwa Odia, kwa Mulumba na kwa Ntumba. Kila mwaka, wiki baada ya Pasaka, nitakaa mbele yao wote na Mama, nitaeleza nimeitunzaje nyumba. Wataingia kila chumba. Nikianza kuficha, nikianza kusema ni kwa muda tu, yeyote kati yao, hata Ntumba aliye mdogo kuliko sisi sote, anipeleke kwa hakimu na kuniondoa kama nilivyomwondoa baba mudogo. Nimemwambia Ntumba ana kwa ana: siku hiyo usije kunililia, wala usiende kaburini kuomba ruhusa. Nenda mahakamani. Sikumwapisha kitu. Katika nyumba hii hakuna mtoto atakayeapishwa tena.

Basi pumzika, Baba yangu. Nakupenda, na bado nina hasira nawe, na sioni haraka ya kuacha kimojawapo. Uliomba nyumba isiuzwe na Mama akae humo mpaka siku yake. Hilo nakuahidi, bila kushikwa mkono na mtu. Hilo lingine, la kunyamaza ata afanye nini, nakurudishia.

Mtoto wako wa kwanza,

Kapinga